Theluji ya Ikweta na swali la mtoto wa madrasa

 

Jumamosi moja, baada ya swala ya Alasiri, tulikuwa tumeshika nafasi ya ustadh katika madrasa ya msikiti wetu huku Temeke. Watoto walikuwa wakihifadhi dua ya kufungulia swala, ile ambayo mja humwomba Mola wake amsafishe makosa yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Maji wanayajua. Mvua ya mawe wengine walikuwa wameisikia kwa babu zao. Lakini theluji hakuna aliyekuwa ameiona, na tulipojaribu kuieleza kwa neno barafu, darasa zima lilicheka. Kwao barafu ni ile ya ukwaju na ubuyu, inayofungwa katika vifuko na kuuzwa mlangoni.

Basi tukawaonesha picha ya Mlima Kilimanjaro. Tukawaambia kwamba weupe ule juu ya kilele ni theluji na barafu, kwamba uko ndani ya nchi yao wenyewe, na kwamba unapungua mwaka hadi mwaka. Hapo binti mmoja wa miaka kama tisa akanyoosha mkono na kuuliza: "Ustadh, barafu hiyo ikiisha, maji ya kutawadhia tutayapata wapi?"

Tulijibu kwa haraka. Tulisema kwamba maji ya jiji letu hutoka Mto Ruvu, kwamba Ruvu hutoka Kilimanjaro, na kwa hiyo barafu ikiisha na mabomba yatakauka. Watoto walinyamaza. Wawili watatu walionekana kuingiwa na hofu.

Usiku ule, baada ya Isha, mzee mmoja wa jamaa yetu, mwalimu mstaafu wa jiografia, alitusubiri penye viatu. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa upole: "Katibu, mwanangu, mjukuu wangu amerudi nyumbani analia. Mmewaambia watoto jambo lisilo sahihi. Ruvu ziko mbili."

Makala haya ni matunda ya maneno ya mzee yule. Tumeyaandika kwanza kujisahihisha, kwa kuwa elimu ni amana, na anayesema mbele ya watoto bila kuhakikisha ameikosea amana hiyo. Pili, tumeyaandika kwa sababu, katika kutafuta jawabu sahihi, tulikuta habari ambazo kila familia inapaswa kuzijua kuhusu milima yetu yenye barafu.

Baridi katikati ya joto

Huenda msomaji akajiuliza: barafu imefikaje mahali jua linapopiga wima? Jibu ni urefu. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ikiwa hapa Temeke, karibu na usawa wa bahari, kuna nyuzi 28, basi katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu, hesabu hiyo inatupeleka kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri. Huko mvua hushuka kama theluji. Theluji ikirundikana miaka mingi bila kuyeyuka yote, ile ya chini hugandamizwa na kuwa barafu ngumu. Na barafu ikiwa nene, huanza kuteremka polepole kwa uzito wake, na ndiyo maana huitwa mto wa barafu.

Katika bara zima la Afrika, milima yenye mito ya barafu ni mitatu tu, nayo yote iko Afrika Mashariki: Kilimanjaro kwetu Tanzania, Mlima Kenya wenye kilele cha Batian cha mita 5,199, na safu ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Mlima Kenya na Rwenzori zimekaa karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na Kilimanjaro uko nyuzi 3 tu kusini yake.

Kilimanjaro na Mlima Kenya ni volkano za zamani. Kilimanjaro peke yake ni volkano tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Barafu iliyobaki leo iko Kibo peke yake. Rwenzori haikutokana na moto wa ardhini. Ni bonge la miamba ya kale lililonyanyuliwa juu wakati ardhi ilipopasuka na kufanya Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Albert na Ziwa Edward. Safu hiyo ina urefu wa kilomita 120 hivi, na katikati yake imesimama milima sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Majina hayo ni ya wageni. Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, walikuwa na jina lao la theluji, Nzururu, kabla mgeni yeyote hajafika na kalamu.

Milima ya Mwezi katika vitabu vya Waislamu

Hapa pana jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Ptolemy, mwanajiografia wa Misri ya zama za Warumi, aliandika katika karne ya 2 kwamba chimbuko la Mto Nile ni milima yenye theluji, iitwayo Milima ya Mwezi. Habari hiyo haikupotea, kwa sababu wanazuoni wa Kiislamu waliipokea, wakaitafsiri na kuichora. Al-Khwarizmi, yule yule ambaye jina lake limebaki katika hesabu, aliandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu cha sura ya ardhi, na katika nakala yake kongwe iliyohifadhiwa mpaka leo mna ramani ya Nile ikianzia katika Jabal al-Qamar, Mlima wa Mwezi. Al-Idrisi naye, alipokamilisha kazi yake kubwa ya ramani huko Sicily mwaka 1154, aliweka milima hiyo katika chanzo cha Nile. Ramani yake ilichorwa kusini kukiwa juu, hata mtu wa leo hulazimika kuigeuza ili aisome.

Wengi wanaamini kwamba milima iliyokusudiwa ni Rwenzori, ingawa wako wanaobisha. Wakati Wazungu walikuwa bado hawajaiona. Henry Morton Stanley alipita karibu na safu hiyo katika safari yake ya miaka ya 1870 asiione, kwa kuwa mawingu huifunika siku nyingi za mwaka. Aliiona mwaka 1888. Mwaka 1906 msafara wa Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, ulipanda vilele vyake, ukachora ramani na kupiga picha ambazo hadi leo ndizo kipimo cha kulinganishia barafu ya wakati ule na ya sasa.

Kilimanjaro nao una kisa chake. Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa akiishi karibu na Mombasa, aliuona weupe wa kilele tarehe 11 Mei 1848. Habari zake zilipofika Ulaya, msomi William Desborough Cooley alizikataa, akishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Aliyeona alikanushwa na asiyewahi kufika. Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na katika simulizi za Wachagga anatajwa Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza njia. Na usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge juu ya kilele hicho, kando ya barafu.

Kiasi kilichobaki

Sasa tuje kwenye vipimo, kwani maneno bila hesabu hukuza hofu au hukuza uzembe.

Mwaka 1912, barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Ilipopimwa kwa picha za mwaka 2011, ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Chukua mkate, ukate vipande saba, kisha ule sita. Kilichobaki ndicho kilichokuwa kimebaki wakati ule, na tangu hapo kimeendelea kupungua. Rwenzori, mwanzoni mwa karne iliyopita, ilikuwa na mito ya barafu 43 yenye jumla ya kilomita za mraba saba na nusu, na karne moja baadaye ilikuwa haifiki hata moja. Katika Mlima Kenya, barafu ya Lewis, ambayo imechunguzwa kuliko nyingine zote za Ikweta barani Afrika, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010.

Sababu zake si moja. Watafiti wa Kilimanjaro wamebainisha kwamba kuelekea mwisho wa karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika Mashariki iligeuka kuwa kavu, na theluji mpya ikapungua. Theluji mpya ni nyeupe, hurudisha mwanga wa jua kama kanzu safi. Ikikosekana, barafu ya zamani yenye vumbi hubaki wazi na kufyonza joto. Juu ya hayo limekuja joto la dunia nzima linalotokana na moshi wa viwanda, magari na mitambo, hasa ya nchi tajiri, na ongezeko hilo linaifanya barafu ishindwe kujirudi.

Tena, juu ya Kibo sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja, haifanyi hata tone. Mama wa nyumbani anajua: vipande vya barafu vilivyosahauliwa ndani ya friza hunywea siku hadi siku, wala chini yake hapaonekani maji. Kwenye Kibo jua na upepo mkavu hufanya kazi hiyo hiyo, na kuacha kuta za barafu zilizosimama wima kama kuta za ngome.

Mwaka 2000 wataalamu wakiongozwa na Lonnie Thompson walichimba nguzo za barafu juu ya Kibo, wakakadiria kwamba ile ya chini kabisa ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 11,000. Ndani yake waliisoma mivua na ukame wa zama za kale, kama mtu asomaye daftari. Mwaka 2002 walitangaza kwamba barafu hiyo ingemalizika kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na barafu bado ipo, ingawa imezidi kunywea. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa taarifa kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya ni miongoni mwa zitakazotoweka ifikapo 2050. Tunayataja makadirio haya yote mawili ili msomaji ajue kwamba mwelekeo ni mmoja na hauna shaka, lakini tarehe ni makadirio ya wanadamu, na ya ghaibu anayajua Mwenyezi Mungu.

Ruvu mbili

Turudi kwenye swali la binti yetu.

Mzee alisema kweli. Uko mto uitwao Ruvu unaotoka upande wa Kilimanjaro na Ziwa Jipe. Huo huingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na maji yake huendelea katika Mto Pangani hadi baharini. Na uko Ruvu mwingine, ulio wetu, unaotoka milima ya Uluguru mkoani Morogoro na kuingia bahari karibu na Bagamoyo. Huu wa pili ndio unaonyweshea sehemu kubwa ya Dar es Salaam, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mbali na huo tunategemea visima, na huku Temeke upo pia mtambo wa Mtoni unaochota Mto Kizinga. Katika milima ya Uluguru hakuna barafu hata chembe.

Kwa hiyo barafu ya Kilimanjaro ikitoweka, bomba la Mbagala halitakatika kwa sababu hiyo. Na jambo lililotushangaza zaidi ni kwamba hata Moshi haitakauka kwa sababu hiyo. Uchunguzi uliofanywa Kilimanjaro umeonesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya maji yatokayo katika mlima ule huanzia kwenye ukanda wa msitu, wala si kwenye barafu. Miti hunasa mvua na ukungu, ardhi yake hunyonya maji, kisha huyaachilia taratibu kwenye chemchemi na kwenye mifongo, ile mifereji ya asili ambayo Wachagga wameichimba kwa vizazi vingi.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba wakati macho ya dunia yametazama kilele cheupe, hatari iliyo karibu zaidi na ndoo zetu iko chini yake, kwenye kijani. Oktoba 2020 moto mkubwa uliunguza kilomita za mraba nyingi za vichaka na nyasi za mlima ule. Hapa kwetu, Oktoba 2022, mvua zilipochelewa na Ruvu kupungua, jiji liliingia katika mgao wa maji. Sote tunakumbuka foleni za madumu, na waumini waliofika msikitini kwa ajili ya Alfajiri wakakuta matangi matupu. Barafu haikuhusika hata kidogo. Lililohusika ni mvua, na misitu ya kuihifadhi.

Barafu ya ncha na bahari ya Kunduchi

Je, basi barafu si jambo letu? Ni letu, ila kwa njia nyingine.

Huko kusini kabisa mwa dunia, katika bara la Antaktika, kuna safu ya milima yenye urefu wa kilomita 3,500 hivi, inayolikata bara lile kutoka pwani moja hadi nyingine. Kwetu milima imeizunguka barafu kidogo. Kule barafu ndiyo iliyoizunguka milima pande zote, na vilele vimechomoza kama visiwa baharini. Safu ile imekuwa kama ukuta wa bwawa. Barafu ya bara imejaa nyuma yake, na hupenya mabondeni kwa mito mikubwa. Mmoja wa mito hiyo, Beardmore, una urefu wa kilomita 200 hivi, kama mtu aondokaye Dar es Salaam hadi Morogoro akikanyaga barafu tupu.

Barafu yote ya Kilimanjaro ikiyeyuka leo, bahari haitapanda kiasi cha kuonekana. Barafu ya Antaktika ina kiasi ambacho, kama ingeyeyuka yote, kingeinua bahari kwa mita 58 hivi. Hakuna mtaalamu anayesema hilo litatokea katika umri wetu. Lakini sehemu ndogo yake, pamoja na barafu ya Greenland, barafu za milima ya dunia na maji ya bahari yanayotanuka kwa joto, tayari zimeinua bahari kwa sentimita 20 hivi kati ya 1901 na 2018. Anayeishi Kunduchi au Kigamboni ameona ufuo ukiliwa. Mmomonyoko huo una sababu zaidi ya moja, na uchimbaji wa mchanga mitoni ni mojawapo. Lakini kila sentimita ya bahari huongeza nguvu ya wimbi.

Tuliyowaambia watoto

Jumamosi iliyofuata tulirudi darasani. Tulianza kwa kusema: "Wiki iliyopita tulikosea." Watoto walitazamana, kwani hawajazoea kusikia mkubwa akisema hivyo. Mzee wetu alikuwa ameketi mbele, na ndiye aliyechora ubaoni Ruvu mbili, mmoja ukitoka Kaskazini na mwingine Uluguru. Binti yule aliinuka akaufuata mto wetu kwa kidole tangu mlimani hadi baharini. Kisha akauliza: "Babu, na miti ya Uluguru ipo?" Mzee alinyamaza kidogo, akajibu: "Ipo, mjukuu wangu, lakini inakatwa."

Tunadhani hilo ndilo swali ambalo kila nyumba inapaswa kulijibu. Gunia la mkaa linaloingia jikoni kwetu lilikuwa mti mahali fulani. Kamati ya msikiti wetu imekubaliana mambo matatu. Futari ya pamoja ya Ramadhani ijayo ipikwe kwa gesi. Mabati ya msikiti yawekewe mifereji, ili mvua za masika zijaze tangi la udhu. Na bomba za udhu zifunguliwe kwa kiasi, tukikumbuka kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alikuwa akitawadha kwa maji ya kujaza viganja viwili vya mikono, kadiri ya mudi moja. Ni mambo madogo. Hayatairudisha barafu ya Kibo, lakini yanahusu maji ambayo kwa hakika ni yetu.

Na wazazi wanaokwenda Moshi wakati wa likizo, tunawaomba wawaamshe watoto alfajiri, kabla mawingu hayajafunga, wautazame mlima. Wawasomee Sura Fatir, aya ya 27 na ya 28, ambamo Mwenyezi Mungu anataja maji yanayoshuka kutoka mbinguni, kisha milima yenye njia nyeupe, nyekundu na nyeusi, kisha wenye elimu miongoni mwa waja wake, kuwa hao ndio wamchao. Rangi zote tatu bado zinaonekana Kilimanjaro. Nyekundu na nyeusi za mawe zitabaki. Nyeupe watoto wetu waione sasa, ili siku wakiisoma dua ile ya kufungulia swala na kulitaja neno theluji, wajue wanataja nini.